Ustadi wa Maneno Yasiyo na Maana

Jioni hapa Sindeni, kati ya Handeni na Korogwe, watoto wakitaka kucheza kombolela huanza kwa kuhesabiana ili apatikane wa kuwatafuta wenzake. Maneno yao hayana maana yoyote, lakini anayekosea mapigo hurudishwa mwanzo. Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyompa wimbo C. Ramchandra, mtunzi wa muziki wa sinema za Kihindi. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakihesabiana kwa Kiingereza nje ya chumba chake cha muziki. Yeye na msaidizi wake, Mgoa John Gomes, wakayadaka mapigo yale na kuyageuza kuwa “Eena Meena Deeka”, wimbo wa filamu ya Kihindi *Aasha* ya mwaka 1957. Gomes akachomekea na Kikonkani cha kwao Goa.

Wengi huuita wimbo wa mzaha, wakaupita. Mimi naona mkono wa fundi. Lisikie jina lenyewe: maneno matatu, kila moja silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, kama tunavyosema baba, mama, kaka. Mawili yanateleza puani, la tatu linagonga kwa *d* na *k*. Ngoma imeshalia kabla mpigaji hajaigusa. Ndiyo maana msikilizaji wa Sindeni asiyejua Kihindi hapungukiwi kitu hapo. Hata Bombay hakuna aliyeambulia maana zaidi yake.

Pwani yetu ilizivisha tuni nyingi za sinema za Kihindi mashairi ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Lakini kibwagizo cha “Eena Meena Deeka” ningekiacha kilivyo. Kukitilia maneno ya maana ni kumfanya msikilizaji asimame kufikiri, na wimbo wenyewe unakimbia.

Anayeukimbiza ni Kishore Kumar. Katika sinema hizo mwigizaji kwa kawaida hufungua mdomo tu, sauti ni ya mtu mwingine. Yeye aliigiza na kuimba mwenyewe, na hakuwa amesomea muziki. Kasi ni ya rokenroli, lakini hamezi hata irabu moja, na kicheko kimo ndani ya sauti bila kuipotosha tuni. Hilo ni gumu mno! Toleo la pili aliliimba Asha Bhosle. Yasikilize yote mawili kwa mfuatano, kibwagizo kikiwa kilekile, usikie kila mmoja anapovuta pumzi.