Heko kwa Gibson ES-150

Gitaa la umeme la Gibson ES-150, lililotoka Kalamazoo, Marekani, mwaka 1936, linastahili heko kwa kumtoa mpiga gitaa uvunguni mwa bendi. Kabla yake, tarumbeta na saksafoni zilimmeza. Kazi yake ikawa kushika mapigo tu. Uso wa gitaa hili umebinuka kama wa fidla, una matundu mawili ya herufi f, na karibu na shingo, chini ya nyuzi, pana ubapa mwembamba wa chuma wa kinasa-sauti kinachonasa mtetemo wa nyuzi hizo. Sumaku zake nzito zimefichwa tumboni. Nje utaona skrubu tatu tu.

Wapo watakaosema halikuwa gitaa la umeme la kwanza. Kweli, kampuni ya Rickenbacker ilitangulia mwaka 1932. Lakini kutangulia si kusikika: mpiga gitaa Charlie Christian alipoingia kundi la jazi la Benny Goodman mwaka 1939 na ES-150 mkononi, gitaa lilianza kujibizana na klarineti ya bosi mwenyewe. Wengine hulilaumu kwa kuvuma ovyo sauti ikipandishwa. Linavuma, ndiyo, kwa kuwa lina uwazi ndani. Na uwazi huohuo ndio unaoinenepesha sauti yake. Christian alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 25. Kinasa-sauti kile wapiga gitaa wanakiita kwa jina lake hadi leo.