Mchoraji Aliyemtangulia Msomi

Katika semina yetu nilibishana na mwenzangu aliyeshikilia kwamba michoro ya mimea ya zama za Renesansi ni pambo tu, na kwamba sayansi yenyewe imo katika maandishi. Alitoa mfano wa kitabu cha Otto Brunfels kilichochapishwa Strasbourg mwaka 1530. Mimi naona kitabu hichohicho ndicho kinachompinga.

Brunfels alifanya kazi kama wasomi wengi wa wakati wake. Alikusanya maneno ya wakale, hasa ya Dioscorides, Mgiriki wa karne ya 1, akajaribu kuyalinganisha na mimea ya Ujerumani. Lakini Dioscorides aliijua mimea ya nchi za Mediterania. Hans Weiditz, aliyechora picha, hakuwa na mzigo huo. Aliuweka mmea mbele yake akachora alichokiona: jani lililonyauka, jani lililotobolewa na wadudu, shina lililopinda, mizizi. Alichora hata pulsatila, ua ambalo halikuwa na nafasi katika vitabu vya wakale. Brunfels alilitia kitabuni shingo upande, na mimea ya namna hiyo akaiita mimea iliyo uchi, kwa kuwa haikuwa na jina la Kilatini wala sifa ya dawa. Neno hilo linanichekesha. Aliyekosa nguo hapo ni msomi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua tatizo hili. Ni mara ngapi tumefungua kamusi tukakuta mti umeelezwa kuwa ni “aina ya mti”, basi?

Hata hivyo, simsifu Weiditz bila kikomo. Jani lililotobolewa ni la mmea mmoja, siku moja. Leonhart Fuchs, katika kitabu chake cha mwaka 1542 chenye picha zaidi ya 500, alitaka umbo la spishi nzima. Ua na tunda huonekana pamoja kwenye mmea mmoja, na vivuli vimeepukwa makusudi ili visifiche umbo. Mchoro unadanganya kidogo ili ufundishe. Kuamua kipi kionyeshwe na kipi kiachwe ni kazi ya akili, na hapo hoja ya mwenzangu huniishia kabisa. (Mchoro wa Dürer wa bonge la nyasi, wa mwaka 1503, nimeuacha ingawa ndio hupendwa zaidi. Ni karatasi moja ya rangi za maji. Hauna jina la mmea hata mmoja.)

Fuchs mwenyewe alilikiri jambo hili. Kitabuni mwake aliweka picha za mafundi wake watatu pamoja na majina yao: Albrecht Meyer aliyechora, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia michoro kwenye ubao, na Veit Rudolf Speckle aliyeichonga. Mbele ya Meyer kuna mmea ndani ya chombo, naye anauchora.