Neno "Kutuliza"

Wewe usomaye Itumbe, au popote katika nchi ya Wagusii, utakuta katika vitabu vya zamani neno moja lililo pole: kwamba Waingereza "waliituliza" nchi hii. Nakuomba usilipite upesi. Ndani yake limo shauri zima la dola kubwa, na shauri hilo lastahili kupimwa kwa kipimo chake lenyewe: je, nchi ilitulia?

Waingereza hawakuvijia vilima hivi kwa ajili ya vilima. Walichotaka ni Uganda na chemchemi za Nile. Reli yao ilifika Kisumu mwaka 1901, na upande wa kusini, ng'ambo ya mpaka uliokatwa kwa mapatano ya 1886, walikaa Wajerumani. Nchi iliyokuwa katikati haikuwa na mfalme mmoja wa kutia sahihi. Kwa hiyo wakaiita nchi ya fujo. Wenyeji walikuwa na wazee wao na desturi zao za kukata mashauri, lakini hayo hayakuonekana kutoka Kisumu.

Basi dawa ikawa ni adhabu. Mwaka 1905 askari walipelekwa Kitutu, wakaua watu na kuteka ng'ombe. Mwaka 1907 kikafunguliwa kituo cha serikali Kisii, na Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki Bwana Northcote, mkuu wa wilaya, ambaye alipona. Askari wakarudi, nyumba zikateketezwa, ng'ombe kwa maelfu wakatwaliwa. Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa Waziri wa Makoloni huko London, alipopata habari ya watu 160 kuuawa, alipeleka simu kulalamika kwamba mauaji yamepita kiasi. Tumhesabie hilo, ingawa simu haifufui mtu.

Ripoti zilihesabu maiti na mifugo. Hazikuuliza kwa nini mtu autwae mkuki. Moraa, mwanamke mtabiri aliyewahimiza vijana, angaliweza kulieleza jambo hilo vizuri sana, lakini nani angemwuliza?

Jawabu lilikuja Septemba 1914. Wajerumani walivuka mpaka, maofisa wa Kiingereza wakaondoka Kisii, na tarehe 12 pakapiganwa vita mjini. Kabla serikali haijarudi, wenyeji wa nchi iliyokuwa "imetulizwa" waliingia katika ofisi zake wakazipora. Serikali iliporudi, ilituma tena askari kutwaa ng'ombe.