Sebule Iliyogeuka Mapokezi

Matumizi ya jengo hubadilishwa kwa barua yenye muhuri. Umbo lake halisikii barua. Ukuta uliojengwa ili kumtenga anayelala na anayepika utaendelea kutenga, hata chumba kimoja kikipewa mhasibu na cha pili kikawa stoo ya karatasi. Ndiyo maana jengo lililogeuzwa kazi husomeka vizuri kuliko jengo lolote jingine: lile la zamani halijafutika, na lile jipya halijatulia.

Kigali imejaa maandishi ya aina hii. Kwa miaka mingi mashirika, mawakili, kliniki na kampuni ndogo zilipanga nyumba za kuishi katika mitaa ya Kiyovu, Kimihurura na Kacyiru na kuzifanya ofisi. Katikati ya muongo wa 2010 uongozi wa Jiji ukaagiza shughuli hizo zihamie kwenye majengo ya biashara, wakati baadhi ya wenye majengo hayo mapya walikuwa wakilalamika kukosa wapangaji. Hoja ya agizo ilikuwa ya ramani: huku watu wakae, kule watu wafanye kazi. Mhakiki hana budi kuuliza swali ambalo ramani haiulizi. Majengo yenyewe yanasemaje?

Tuanze na nyumba ya kawaida ya mtaa ule ulioitwa Kiyovu cy'abakire, Kiyovu ya matajiri. Geti, kiwanja chenye miti, baraza, kisha sebule pana inayotazama bustani. Nyuma yake korido nyembamba yenye vyumba vya kulala pande mbili. Jiko upande wa uani. Na mbali kidogo, vyumba vya wafanyakazi. Ni umbo linalokwenda kutoka wazi hadi siri: mgeni huishia barazani au sebuleni, mwenyeji huingia ndani, na anayefua na kupika hupita nyuma bila kuonekana.

Ofisi inapoingia, haiharibu mpangilio huu. Huurithi. Sebule inakuwa mapokezi, kwa kuwa tangu mwanzo ilijengwa kupokea. Korido inakuwa mstari wa idara. Dereva na mpishi wa chai wanapewa vyumba vya uani, palepale walipokaa watumishi waliowatangulia. Mkurugenzi anapewa chumba kikuu cha kulala, si kwa sababu kina mwanga zaidi kuliko vingine, bali kwa sababu ndicho chenye bafu lake. Cheo kinafuata bomba la maji. Hakuna aliyechora ngazi hiyo ya madaraka. Mjenzi wa nyumba aliichora zamani akidhani anachora familia.

Udhaifu wa nyumba hii kama ofisi hauhitaji darubini. Wafanyakazi ishirini hawatoshi katika choo kimoja cha korido. Magari hufunika bustani. Mikutano hufanyika chumba cha kulia, na sauti hupenya hadi kwa mhasibu. Lakini umbo hili lina fadhila ambazo hazimo katika mkataba wa upangaji. Kila chumba kina dirisha linalofunguka. Paa la vigae hutoka nje ya ukuta na kuzuia jua na mvua. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake, kwa sehemu kubwa ya mwaka, haidai mashine. Nyumba ya Kiyovu inajua hilo. Inafanya kazi mchana bila taa na bila kiyoyozi.

Sasa tupande mjini. Kigali City Tower, mnara wa ghorofa 20 uliokamilika mwaka 2011, uliweka sarufi ya katikati ya jiji: kioo nje, lifti ndani, jina la jengo likisomeka kutoka mlima wa pili. Katika umbo la mnara wa ofisi, moyo ni ule mhimili wa katikati wenye lifti, ngazi na vyoo. Sakafu yote inayouzunguka ni tupu na inangoja kugawanywa. Ni usawa wa aina yake: kila mpangaji hupata upande mmoja wa bonde, na maji ni ya wote. Lakini kioo kilichofungwa hudai kupozwa, na sakafu pana humweka aliye katikati mbali na dirisha. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya baridi ya Kigali iliambiwa haifai kazi. Mnara unaobishana na hali hiyo ya hewa ukaambiwa ndio mahali pa kazi.

Hapa ndipo fleti za kuuza zinapoingia katika hoja, kwani ziko kati ya maumbo haya mawili. Rwanda ilipata sheria ya umiliki wa sehemu za jengo mwaka 2010, na kwa sheria hiyo mtu anaweza kumiliki fleti yake huku ngazi, paa na kiwanja vikiwa vya pamoja. Umiliki huo huacha alama katika saruji. Kila fleti inataka jiko lake, bafu lake, na bomba lake la kushuka hadi chini. Kuta kati ya majirani huwa nzito. Sakafu huwa nyembamba kiasi cha mwanga kufika ndani. Mwenye jengo la namna hiyo akibadili nia njiani na kutaka ofisi, anakuta mabomba yametawanyika asikoyahitaji na kuta zimesimama anapotaka uwazi. Anachopata bila gharama ni madirisha. New York inahangaika na kisa hiki kwa kinyume: ofisi tupu ni nyingi, nyumba ni chache, lakini sakafu za minara mingi ni pana mno kuweza kulaza watu, kwa kuwa katikati hakuna dirisha.

Mgawanyo wa kukaa na kufanya kazi si wa asili Kigali. Nyumba inayohusishwa na Richard Kandt, Mjerumani aliyeuanzisha mji kama kituo cha utawala mwaka 1907, inakumbukwa kama makazi ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutawala akiwa papo hapo. Leo ni makumbusho, kazi yake nyingine tena. Mgawanyo mkali ni wa ramani za karne hii. Mwishoni mwa muongo wa 2000, Kiyovu cy'abakene, mtaa wa maskini uliokuwa chini ya ule wa matajiri, ulibomolewa kupisha kitovu cha biashara, na baadhi ya wakazi wake wakapelekwa mtaa wa Batsinda. Kwa miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ilibaki nyasi. Jina la matumizi lilifika kabla ya jengo. Mpango kabambe wa jiji uliopitiwa upya mwaka 2020 umelegeza msimamo na kutoa nafasi kubwa zaidi kwa matumizi mchanganyiko, na hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, kuchanganya matumizi kwenye karatasi hakutoshi ikiwa kila mchoro bado unaabudu kazi moja. Mbunifu anayeomba kibali cha fleti mjini apimwe kwa mambo ambayo barua haiwezi kurekebisha baadaye: je, mabomba yamekusanywa karibu na ngazi, au yamesambazwa? Je, uzito umebebwa na nguzo, au na kuta za kutenga majirani? Je, dirisha linafunguka, na liko hatua ngapi kutoka kwa mtu wa mwisho? Jengo likijibu vema, litahimili fleti leo na ofisi kesho, kisha fleti tena soko likigeuka. Likishindwa, mmiliki ataendelea kumpa mkurugenzi chumba chenye bafu, na kuliita hilo uongozi.