Kuku wa Mti Unaowasha

Mbanguaji wa korosho anajua, kabla hajakaa kwenye gogo lake, kwamba mikono lazima ipakwe mafuta au majivu. Yale mafuta meusi ya ganda yakishika ngozi, yanaibabua. Lakini ndani yake mna korosho. Nikiwafikiria wapishi wa otdak, yaani kuku anayechemshwa na gome la mti unaowasha, kule Korea, ndiye huyo mbanguaji anayenijia kichwani, na si bure: mkorosho, mwembe na mti wao uitwao otnamu ni wa ukoo mmoja.

Otnamu ndio mti ambao utomvu wake hupakwa mabakuli, sinia na masanduku mpaka yanang'aa kama maji ya kisimani. Gome likichanjwa, utomvu hutoka mweupe kama tui. Ukipigwa na hewa unakuwa wa hudhurungi, halafu mweusi. Ndani yake mna urushioli, kitu kinachoweza kumjaza mtu malengelenge kwa tone dogo tu. Na bado watu wakautia mti huo chunguni.

Mpishi hakimbilii kuku. Anaanza na vipande vikavu vya gome au vya mti wenyewe, anavichemsha peke yake kwa saa kadhaa, moto usiopanda wala kushuka, hadi maji yanakuwa ya rangi ya asali. Anayachuja. Hapo ndipo kuku anapoingia, pamoja na vitunguu saumu, kunazi kavu na mchele wa kunata. Wako walaji wanaomeza kidonge cha kuzuia upele kabla ya kuketi, na madaktari wa huko wamewaona wengi waliofika wamevimba mwili mzima baada ya mlo huo. Mimi sioni ushujaa katika kula namna hiyo. Kinachonivutia ni kazi ya wale waliokataa mambo mawili kwa pamoja: kuutupa mti, na kumdhuru mlaji.

Kazi yao ni ya kuuchambua mti kipande kwa kipande. Kiini chake cha manjano kina fustini na fisetini, kemikali ambazo watafiti wanazitafuta kwa hamu. Gome lina ladha, lakini lina urushioli pia. Machipukizi ya majira ya kuchipua huliwa siku chache tu kwa mwaka. Kule Okcheon, Korea, huyapitisha kwenye maji ya moto na kuyachovya katika rojo ya pilipili, nayo pia yanaweza kuwasha. Tunda lina nta iliyotengenezewa mishumaa, na Japani wako wanaokaanga mbegu zake na kuzisaga, wapate kinywaji mfano wa kahawa. Kila sehemu inaulizwa swali lake: una nini cha kutupatia, na tukuondolee nini kwanza?

Kuondoa ndiko kwenye ufundi wenyewe. Urushioli haipatani na maji, inapatana na mafuta. Basi kusuuza hakufui dafu, na kuku naye ana mafuta yake. Njia mojawapo ni joto kali la muda mrefu. Nyingine naipenda zaidi. Mwaka 1883 Mjapani Hikorokuro Yoshida aligundua kwamba utomvu huu hukauka kwa sababu una kimeng'enya ndani yake, ambacho baadaye kiliitwa lakase. Uyoga wa aina fulani nao una lakase. Watafiti wa Korea wakaotesha uyoga juu ya gome, wakauacha ulile gome taratibu, ukaishika urushioli na kuigandisha, kama vile utomvu unavyojigandisha juu ya bakuli.

Halafu wanapima. Wakikuta chembe imebaki, gome linarudishwa kwa uyoga. Ikiwa haionekani tena, ndipo maji yanapotengwa jikoni, na kuku anaoshwa.