Meno ya Nyuma Ndiyo Huamua

Kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, barabara hushuka takriban mita 500. Kwenda ni raha. Kurudi na gunia kwenye keria ndiko hufichua kama gia ilichaguliwa kwa akili.

Baiskeli ya kawaida ya Black Mamba haina gia za kubadilisha. Ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza mita 5.4 hivi. Kwenye tambarare, mizunguko 60 kwa dakika hukupa kilomita 19 kwa saa. Mlimani mwendo ukishuka hadi kilomita 8, miguu inazunguka mara 25 tu. Chukua mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya 20 na gunia la mahindi la 90, kwenye mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100. Kwa hesabu yangu, pedali inadai msukumo wa wastani wa kilo 43, na mguu ukifika mbele unakaribia kilo 67. Huo ni uzito wake wote! Ndiyo maana anasimama juu ya pedali, na magoti yanalia.

Baiskeli ya gia, 32 mbele na 28 nyuma, kwa mwendo uleule huzungusha miguu zaidi ya mara 50, na wastani wa msukumo ni kilo 20 hivi. Kazi haijapungua; imegawanywa vipande vidogo.

Waliomwona Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah, akizungusha miguu kama cherehani akipanda mlima wa Mont Ventoux, Ufaransa, mwaka 2013 wasidhani kwamba kasi zaidi ni nafuu zaidi. Kuzungusha miguu kwenyewe hula hewa. Mwendeshaji wa kawaida hutumia nguvu kidogo kabisa kwenye mizunguko 50 hadi 60. 90 ni ya wanamashindano.

Kwa mbeba mizigo wa Kitale, mimi ningefunga meno 22 nyuma. Kwenye tambarare atapoteza kilomita 3.5 hivi kwa saa, ambazo akiwa na gunia hazifikii hata hivyo. Mlima mkali bado atashuka asukume, na hilo si aibu: mizunguko 25 kwa dakika si kuendesha. Fundi aongeze pingili mbili za cheni, na kama cheni ni kuukuu aibadilishe kabisa, maana iliyovutika huruka kwenye meno mapya.