Neno "Gabacholi" na Mimbara ya Kikristo

Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2015, hukumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kesi aliyoifungua kudai haki ya mgombea binafsi, ambayo Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliiamua kwa upande wake mwaka 1994. La pili ni hotuba zake za hadhara za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo aliwatenga "walalahoi", yaani Waafrika wenye dhiki, na "magabacholi", yaani wenye mali wa asili ya Asia. Mwaka 1993, baada ya mojawapo ya hotuba hizo jijini Dar es Salaam, baadhi ya wasikilizaji waliwashambulia watu wa asili hiyo. Hapa hatukusudii kuipima siasa ya marehemu, bali mahubiri yake. Kwa maana alisema akiwa mchungaji, na sisi wa Iringa na Mbeya tunawaandaa watakaosimama mimbarani.

Hatuna budi kukubali kwanza kwamba dhiki aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, wenye mtaji walitangulia kunufaika, na mshahara wa mfanyakazi haukumfikisha mwisho wa mwezi. Nabii Amosi asingalinyamaza. Lakini Amosi aliwashtaki watu kwa matendo yao: kupunguza vipimo, kupotosha hukumu, kumwuza maskini. Mahubiri ya "magabacholi" yaliacha tendo yakashika nasaba. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji aliyeketi ofisini mara nyingi alikuwa Mwafrika. Hata hapa kwetu, wakulima wakubwa wa Isimani wa miaka ya 1960, walioajiri vibarua katika mashamba yao ya mahindi, walikuwa Waafrika. Jina linalotazama ngozi haliwezi kuuona unyonyaji wa namna hiyo. Humwacha mnyonyaji mmoja, na humhukumu asiye na hatia. Huo ni ushuhuda wa uongo, nasi tunajua amri ya nane inasemaje.

Zaidi ya hayo, hoja zake zilipingana. Mahakamani alitetea haki ya kila raia. Uwanjani aliwapunguzia uraia baadhi ya raia.

Upinzani dhidi ya fikra hiyo ulikuwa wa zamani. Mwaka 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kujiuzulu pamoja na serikali yake kuliko kukubali. Katika miaka ya 1990 alionya tena kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu: aliyeonja haachi. Onyo hilo lina uzito wa kiteolojia, kwani dhambi haina mpaka inaojiwekea. Akimalizwa Mhindi, atafuata jirani wa kabila jingine.

Je, sisi Walutheri tu safi? La hasha. Mwaka 1543 Luther aliandika dhidi ya Wayahudi maneno ambayo Wanazi waliyatumia baadaye. Lakini pia, mwaka 1977, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliokutana Dar es Salaam, ulitamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ungamo la imani. Tulichokikataa kwa Kaburu hatuwezi kukibariki kwetu.

Wala suala hili halikuzikwa na marehemu. Barabara kuu ya Iringa, Mbeya na Tunduma imekuwa njia ya vijana wa Ethiopia waendao kusini. Juni 2012, zaidi ya 40 walikutwa wamekufa baada ya kusafirishwa ndani ya lori mkoani Dodoma. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka, na teolojia yetu ya tawala mbili haiukani wajibu huo. Lakini mhubiri hakukabidhiwa upanga. Alikabidhiwa Neno, na Walawi 19:34 inamwagiza Israeli kumpenda mgeni kwa sababu Israeli mwenyewe alikuwa mgeni. Basi kila anayeandaa hubiri juu ya umaskini wa watu wetu na alitaje tendo, amtaje mtendaji awe wa rangi yoyote, kisha ajiulize: Mhindi mwenye duka au Mhabeshi aliye mahabusu akiingia leo kanisani, atasikia habari njema?